Usiizime, Niko Pangoni

Asubuhi ile Fusae alikuwa amekaa sakafuni mbele ya televisheni, miguu ameichomeka chini ya blanketi la meza ya joto. Mumewe, Kihachi, alikuwa nyuma yake anakula wali na yai bichi. Samaki alikuwa ameungua upande mmoja. Hakuna aliyemtaja.

"Umekufa tena, Baba," Fusae akasema bila kugeuka.

"Nani kaniua?"

"Popo."

"Popo! Mwanamume mzima anauawa na popo. Kwa nini kila siku unaniweka mbele?"

"Una kichwa kigumu. Mwenye kichwa kigumu anatangulia."

Gemu ya Fusae iliitwa Taa ya Rasi. Humo watu wanne hutembea kwa mstari, na mchezaji huwapa majina mwenyewe. Wa kwanza, mwenye upanga, Fusae alimwita Kihachi. Wa pili, mpiga mishale, alimpa jina la mtoto wao wa pekee, Shinpei. Wa tatu, mganga, ndiye yeye mwenyewe. Wa nne alikuwa Goma, mbwa wao aliyekufa zamani. Aliianza akiwa mama kijana, na sasa alikuwa bibi wa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutafutia ile ya kusomea.

"Zima uje ule," Kihachi akasema. "Kwenye gemu yangu mtu akisikia njaa anahifadhi hapo hapo alipo, anazima, anakula. Hii yako mpaka utoke pangoni, uvuke mbuga, umtafute mwenye nyumba ya wageni, ndipo ikukumbuke. Gemu gani hiyo?"

Fusae akamjibu jibu lake la siku zote. Kihachi akasonya.

Kisha Fusae akatazama saa, akainuka kwa kushikilia meza. Ilikuwa siku ya takataka zinazochomwa, na gari likishapita halirudi. Akachukua mfuko jikoni, akavaa ndara.

"Usiizime," akasema mlangoni. "Niko pangoni, sijahifadhi. Narudi sasa hivi."

Bi Tokuda wa nyumba ya pili ndiye aliyemkuta, amelala kando ya wavu unaofunika takataka kuzuia kunguru. Mfuko ulikuwa bado mkononi. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani. Walisema hakuumia.

Jioni Kihachi alirudi peke yake kuchukua nguo za kumvika kwa mazishi. Alipofungua mlango akasikia muziki wa pango ukipiga chumbani, ule ule, unafika mwisho unaanza tena. Akaingia na viatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akainama mbele ya ile mashine nyekundu ya gemu. Kidole kikafika kwenye swichi.

Akazima televisheni tu. Mashine akaiacha inawaka.

*

Fusae alizaliwa milimani, kwenye theluji inayofika madirishani, akashuka mji wa Sabae akiwa msichana kufanya kazi ya miwani. Sabae kila nyumba ina mtu wa miwani. Yeye alisugua fremu. Alipoolewa na Kihachi aliendelea kuzisugua nyumbani, kwa gurudumu dogo kwenye kona ya jikoni, na vumbi la kijivu lilikaa kwenye kucha zake hata siku ya harusi ya Shinpei. Hakuwahi kupanda ndege. Alipenda figili za chumvi, na kumcheka mumewe.

Ile mashine nyekundu aliinunua kwa ajili ya Shinpei. Mtihani wa mtoto ulipokaribia akaifungia kabatini. Siku chache baadaye Kihachi akarudi kutoka kazini, kwani yeye alikuwa fundi wa kupiga lipu kuta za udongo na chokaa, akamkuta mkewe na aproni yake mbele ya televisheni, fremu zimelala hazijaguswa.

"Unafanya nini?"

"Namtafutia mtoto njia. Asije akapotea."

Shinpei alifaulu mtihani. Mashine hakurudishiwa.

Mwisho wa mwaka huo Kihachi akanunua mashine ya kampuni pinzani, ile nyeupe inayokula diski, na gemu yake iliyoitwa Kengele za Anga. Alisema hawezi kukaa nyumba moja na mwanamke mwenye mashine na yeye hana. Watu wakacheka. Sababu yenyewe nyumba nzima iliijua, na hakuna aliyeitamka. Kihachi aliacha shule mapema akabebe ndoo za chokaa. Zile herufi nyepesi za watoto wa darasa la kwanza alizisoma, polepole, kwa kidole. Zile nzito za magazetini, kila moja neno zima, zilimshinda. Kwenye Kengele za Anga watu walisema kwa midomo yao. Malkia alilia ukasikia kilio. Hakuna haja ya kidole.

Taa ya Rasi haikuwa na sauti ya mtu. Ilikuwa na herufi nyepesi tu, nyeupe juu ya weusi, na muziki.

"Mfalme wako bubu," Kihachi alikuwa akimwambia.

"Malkia wako ana mafua."

"Kwako mlima na kichaka vinafanana."

"Mlima wangu naujua. Kwako kila mlango ukifunguliwa tunasubiri diski izunguke mpaka chai inapoa."

"Lakini ukifunguka, kuna mtu anasema!"

"Na kwangu anasema. Msikilize."

Hapo Fusae alikuwa anakaza shingo na kuyasoma maneno ya mfalme kwa sauti ya puani, sauti ya bwana mkubwa wa karakana ya fremu, na Kihachi anageukia ukutani asionekane anacheka. Alisoma yote kwa sauti, kila jioni, wachawi na wauza ngao na watoto wa visimani. Kihachi alikaa amempa mgongo, anakwangua mwiko wake wa lipu. Fusae akiruka neno, Kihachi ananyanyua kichwa.

"Yule mchawi alijibu nini?"

"Nilidhani husikilizi."

"Sisikilizi. Alijibu nini?"

*

Sasa Kihachi alikuwa na hasira na kila mtu. Na daktari aliyesema Fusae hakuumia, kana kwamba alikuwamo kichwani mwake. Na watu wa mazishi, kwa maneno yao laini kama tofu ya soya. Na kunguru. Na Bi Tokuda, kwa sababu asubuhi ile yeye pia alitoka kutupa takataka, na akarudi.

Zaidi ya wote alimkasirikia Fusae. Narudi sasa hivi, alisema. Alikuwa hajawahi kumdanganya.

Kila asubuhi aliweka wali mbele ya chungu cha mifupa yake iliyobaki baada ya kuchomwa, akachoma kijiti cha ubani, kisha akapeleka mkono nyuma ya televisheni akaishika adapta ya ile mashine. Ilikuwa na joto. Joto la mkono wa mtu. Akishalisikia, alitoka nje akatafuta cha kugombana nacho.

Umeme wa nyumba ile ni wa zamani na ni mdogo. Ukiwasha kwa pamoja viwili kati ya meza ya joto, sufuria ya umeme ya wali na birika, swichi kuu iliyo juu ya mlango wa jikoni inadondoka, nyumba nzima giza. Ndiyo maana Fusae hakuwahi kubonyeza kitu kimya kimya. "Baba, wali!" anapiga kelele, na Kihachi anazima meza ya joto. "Baba, birika!" Ndoa yao yote walipashana habari hivyo. Tangu afe, Kihachi hakuwasha meza ya joto wala birika, na theluji ilikuwa imeanza. Wali aliupika kwa gesi. Alilala na koti.

Juma moja kabla ya siku ya arobaini na tisa, ambapo ukoo hukusanyika na mifupa hupelekwa kaburini, Masuko alikuja kufanya usafi. Masuko ni mdogo wake Fusae, mwanamke wa mikono mepesi, hawezi kukaa mahali penye vumbi. Kihachi alikuwa uani. Akasikia magurudumu ya mashine ya kufyonza vumbi, akaingia mbio. Masuko alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni, vidole kwenye plagi.

"Usiguse!"

"Nachomoa kidogo tu, Shemeji, nifyonze hapa..."

"Nimesema toa mkono!"

Masuko akautoa kama ameungua. "Kitu chenyewe kinachemka. Kitateketeza nyumba."

"Kiteketeze. Nyumba yangu."

"Ni kichezeo, Shemeji! Dada yangu yumo kwenye kile chungu, na wewe unalinda kichezeo!"

"Toka."

Masuko hakutoka. Alilia, akashika ufagio, akafagia nyumba nzima kwa kishindo, akigonga kila mguu wa kila kiti ili asikike. Kihachi alikaa mbele ya ile plagi mpaka mwanamke alipovaa viatu. Leo ni Masuko, alijiambia. Siku ya watu itakuwa watu wote.

Shinpei alipofika kutoka Nagoya, mtu wa ofisi, nywele zimeanza kumtoka, hakuhitaji kuelezwa sana. Aliwasha televisheni. Pango likatokea, na ule muziki. Mganga Fusae na mbwa Goma walikuwa wima. Kihachi na Shinpei walikuwa wamekufa, wamepauka kama moshi, wanavutwa nyuma.

"Ni ya asubuhi ile?" Shinpei akauliza.

"Ndiyo."

Shinpei akabonyeza hiki na kile, akaangalia. "Mganga hana nguvu za uganga hata kidogo. Pumzi zenyewe za kuhesabu. Baba, hii si ya kuacha hivi. Hizi kaseti za zamani umeme ukikatika ghafla haipotei asubuhi moja tu. Safari zote zilizohifadhiwa zinaweza kufutika. Na Jumapili, siku ya arobaini na tisa, mama mdogo atapasha vyakula."

"Najua."

"Basi nipe mimi. Naijua njia. Nusu saa, namfikisha nyumba ya wageni, nahifadhi, nashika kile kitufe chekundu, nazima vizuri. Yamekwisha."

"Hapana."

"Baba, wewe hii gemu hujaishika hata siku moja."

"Nimeisikia toka hujaota ndevu. Toka hapo. Wewe umekufa, umepauka, utamfikisha wapi?"

"Na wewe umekufa."

"Toka hapo nimesema!"

*

Ilikuwa njia fupi kwa Fusae. Kwa Kihachi ilikuwa mchana baada ya mchana. Aliketi mahali pake Fusae, akakishika kile kibao cha vitufe kama mtu aliyeshika kifaranga. Hatua mbili, anasimama. Hatua tatu, muziki unabadilika, popo. Maneno yanatokea, na hakuna wa kuyasoma. Ilimbidi anyanyuke, aende mpaka kwenye kioo cha televisheni, aweke kidole. Pi-ga-na. Ki-mbi-a. Anarudi kukaa, anakimbia.

Alimtukana popo. Alimtukana aliyetengeneza popo.

"Kwenye Kengele za Anga," alimwambia Shinpei, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini na sasa alikaa nyuma na kikombe cha chai baridi, "kwenye Kengele za Anga saa hii ningekuwa nimehifadhi mara mia!"

"Ndiyo, Baba."

"Mtu mzima anatembezwa gizani kama mwizi! Mjinga gani alitunga hii?"

"Kushoto, Baba."

"Najua kushoto! Hapa ndipo mama yako alikuwa anasema, yule nyoka wa kushoto ana macho ya Masuko."

Shinpei akacheka. Kihachi hakugeuka. Alipoumwa na yule nyoka, Fusae akabakiwa na pumzi kidogo mno hata herufi zikageuka nyekundu. Kihachi akaweka kibao chini, akatoka nje kwenye theluji bila koti, akaupiga teke mlundikano wa ndoo zake za zamani mpaka Bi Tokuda akachungulia dirishani.

"Unatazama nini?" Kihachi akamfokea.

"Natazama mzee anayetafuta homa ya mapafu," Bi Tokuda akasema, akafunga dirisha.

Jumapili asubuhi alikuwa mdomoni mwa pango. Ilibaki mbuga, na ng'ambo ya mbuga, mji. Watu wakaanza kuvua viatu mlangoni. Masuko alileta vyakula vimefungwa kwa vitambaa, figili za kuchemsha, tofu ya kukaanga, maharage. Kasisi wa hekalu akaja, mzee mwenzake Kihachi, masikio makubwa. Shinpei akasimama mlango wa jikoni, akawaambia wote kwa heshima kwamba leo hakuna kuwasha kitu chochote. Chakula kitaliwa baridi. Chai pia.

"Mbele ya kasisi?" Masuko akanong'ona. "Chai baridi, wakati wa theluji, siku ya dada yangu?"

"Kidogo tu, Mama Mdogo. Mpaka Baba amalize."

"Amalize kucheza!"

Wakakaa. Kihachi alikuwa amevaa suti nyeusi, amewapa mgongo wote, kibao mkononi. Kasisi alingoja, mikono ndani ya mikono ya kanzu. Baadaye akasogea mbele kidogo. Kisha kidogo tena.

"Kuna kitu kwenye nyasi," kasisi akasema.

"Nimekiona."

"Kinakuja."

"Kasisi, nimekiona!"

Alikimbia. Akakimbia tena. Mbwa Goma akafa, akapauka. Akabaki Fusae peke yake, herufi zake nyekundu, anawavuta watatu nyuma yake kwenye mbuga. Likaja lango. Ikaja nyumba ya wageni, yenye taa mlangoni. Kihachi akamsimamisha Fusae mbele ya mwenye nyumba, na maneno yakatokea.

Alinyanyuka. Watu wote walikuwa wanamtazama, shemeji, jirani, kasisi. Akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, na jasho lilimtoka.

"Ka-ri-bu-ni. Mme-cho-ka. La-le-ni."

Kioo kikawa cheusi, kikapiga kile kimuziki kifupi cha kulala ambacho nyumba ile ilikisikia maelfu ya jioni. Kilipowaka, walikuwa wanne. Kihachi mbele, kisha Shinpei, kisha Fusae, kisha mbwa. Wote wima. Wote na rangi zao.

"Ni-ha-fa-dhi sa-fa-ri ye-nu?"

Akabonyeza ndiyo. Ta-ya-ri.

"Chekundu, Baba," Shinpei akasema taratibu. "Shika chekundu kwanza, ukiwa umekishika ndipo uzime."

"Unanifundisha mimi? Nimesikia hilo maisha yangu yote."

Akainama, akanyoosha kidole gumba. Jikoni kitu kikalia, tik. Juu ya mlango swichi kuu ikadondoka, na chumba kikawa giza la theluji.

"Ni birika tu," sauti ya Masuko ikasema. "Na sufuria ya wali. Nilidhani... kimuziki kimepiga, nilidhani amemaliza. Kasisi anywe chai."

Shinpei alipanda kiti, akairudisha swichi. Akawasha mashine. Zikatokea nafasi tatu za safari, mstari juu ya mstari. Zote tupu. Akazima, akashika kaseti, akaipuliza chini kama walivyokuwa wakifanya utotoni, akairudisha, akawasha. Tupu.

Masuko alisimama kwenye mlango wa jikoni, kiganja mdomoni. Walingoja Kihachi afoke. Bi Tokuda alishika mkoba wake tayari. Kihachi akamgeukia Masuko, na Masuko akarudi nyuma hatua moja.

"Umeshaliwasha," akasema. "Basi mpe kasisi chai. Ya moto."

Shinpei alikuwa amepiga magoti, uso mikononi, mtu mzima wa ofisi analia na tai shingoni. "Bure, Baba. Siku zote hizi, bure. Bora tungemwacha kule pangoni, angalau alikuwepo."

Hapo ndipo Kihachi alipofoka. "Bure? Nani kasema bure? Ulikuwa umekaa hapa, una macho au huna? Walikuwa wangapi?"

"Wanne."

"Wamelala au wamesimama?"

"Wamelala, halafu wakasimama. Lakini haikuhifadhika..."

"Kuhifadhi, kuhifadhi! Kuhifadhi ni kwenye gemu yangu! Hii ni ya mama yako. Umekua unasikia nikimtukania gemu yake, na unajua alinijibu nini. Kila siku, hata ile asubuhi, mfuko wa takataka haujatoka. Sema alinijibu nini."

Shinpei akapangusa uso kwa tai. Kihachi akakaza shingo, akageukia chungu, akalisema mwenyewe, kwa sauti ya kejeli, sauti yake Fusae, neno kwa neno:

"Kwako mtu analala popote anapoangukia, Baba, kama mlevi. Kwangu anarudi nyumbani kwanza, ndipo analala."